Safari ya Kwanza Nyanda za Juu

Mimi ni mtu wa Pangani, nimekulia kwenye joto na minazi. Basi lilipoanza kuupanda mlima Kitonga nilisogea dirishani nisipitwe na kitu. Malori ya Zambia yalijikongoja kama majahazi yanayopigana na upepo wa mbisho, na bonde likazidi kuzama chini yetu. Ilula nikanunua ndoo ya nyanya kwa bei ambayo kwetu hununui hata mafungu mawili.

Iringa tuliingia jua likizama. Baridi ile! Mwenyeji wangu akanivisha sweta kabla hata ya chai. Pwani jioni barazani tunazungumza samaki na maji kujaa. Hapa wazee kwa vijana walikuwa bado wanausimulia uchaguzi wa 2010, mji wao ulipomchagua Mchungaji Peter Msigwa, na Mbeya Mjini ikampa ubunge mwanamuziki, Joseph Mbilinyi, yaani Sugu. Wote wawili wa CHADEMA.

Sugu nilimjua kwa kaseti, enzi alipoitwa Mr. II. Kumbe mbunge ni mjumbe pia wa baraza la madiwani! Sauti niliyoizoea redioni ilikuwa imekwenda kukaa kikaoni kujadili mitaro na ushuru wa soko. Habari hiyo ilinifurahisha mno, nikalala nikiiwaza.

Kesho yake tukapita Mafinga na misitu yake, Makambako, Uyole, hadi Mbeya chini ya mlima Loleza. Pale Mwanjelwa mama mmoja muuza viazi akanifundisha mengi kuliko gazeti. Mwaka 2015 Mbeya na Iringa zote zilipata mameya wa CHADEMA, lakini mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais; madiwani wanapitisha bajeti, utekelezaji uko kwake.

"Diwani kijana, mwanangu, mwaka wa kwanza anaahidi barabara. Wa pili anajifunza kuuliza fungu liko wapi. Hapo ndipo anaanza kazi."

Akanionyesha upande liliko gereza la Ruanda. Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno ya jukwaani dhidi ya Rais Magufuli, akatoka Mei. Iliniuma kuisikia pale pale, miongoni mwa waliompigia kura.

Mama hakukaa sana na huzuni. Baraza hukutana kila baada ya miezi mitatu, mwananchi yeyote anaruhusiwa kusikiliza, naye huenda kila mara. Kikao cha safari hii kilikuwa Alhamisi, na alitaka kusikia habari za mtaro ulio nyuma ya meza yake.

"Twende wote," akasema.

Nikaenda stendi kubadilisha tiketi.