Utulivu wa Kina

Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra, na saa saba hivi baadaye wimbi lililotokea huko likaua watu Hafun, pwani ya Somalia, umbali wa takriban kilomita 5,000. Hata Tanzania na Kenya bahari ilichukua watu siku ile. Kwa muda mrefu niliamini kwamba maji ya Sumatra ndiyo yaliyotufikia. Polepole nikaelewa kwamba wimbi linapovuka bahari hubeba nishati, wala halihami na maji. Maji husukuma maji ya jirani, huyumba kidogo, kisha hurejea yalipokuwa. Kilichosafiri ni msukumo.

Ninachokitafakari zaidi ni utulivu wa kina. Penye kina cha kilomita nne, wimbi lile lilikwenda kasi ya kama kilomita 700 kwa saa, nalo liliuinua uso wa bahari kwa chini ya mita moja. Baharia angepitiwa nalo asijue. Lilipokaribia ufuko likapunguza mwendo, na nishati iliyokuwa imetanda kutoka juu hadi sakafuni ikabanwa katika maji ya mita chache. Hapo ndipo bahari ilipoinuka, na maji yenyewe yakapanda nchi kavu.

Nimelelewa kuwasifu watu wa kina, wale wanaopokea msiba au hasira bila uso kubadilika, na nimetamani kuwa mmoja wao. Siku hizi nasitasita. Kina hakikuumaliza mshtuko ule. Kiliupitisha karibu wote, mpaka ukafika pasipo kina. Basi najiuliza: ninaponyamaza na kusema yamepita, yamepita yakaenda kwa nani? Pengine kwa mtoto anayefokewa kwa kosa dogo, asijue jambo hilo lilianzia wapi.

Sisemi kwamba kelele ni bora kuliko utulivu. Lakini kuna miamba ya matumbawe, kuna mikoko: wimbi linapopita humo, sehemu ya nishati yake husagika kwa misuguano na kuishia kuwa vurugu za maji na joto kidogo. Si yote, na wimbi kubwa huweza kuing'oa mikoko yenyewe. Sijui bado mtu anajifunzaje kazi hiyo. Ninachoona ni kwamba utulivu ninaoutaka sasa ni ule unaompunguzia mzigo anayenifuatia, hata kama utanigharimu kuonekana nimetikisika.