Mlima Hausikii Kelele

Nianze kwa kukiri, ndugu msomaji: niliua mtu kwa kelele. Ni katika riwaya yangu, ile ambayo bado imo kwenye daftari. Mhusika wangu, Sudi, anafika milima ya Alps, nchini Austria. Huko anagombana na kaka yake juu ya mteremko, anapiga ukelele mmoja, theluji inaporomoka na kumfukia kaka mtu. Niliipenda sana sura ile. Niliwasomea washikaji kijiweni, wote wakanyamaza.

Mmoja tu akaniuliza, "Wewe theluji umeiona wapi?" Kusema kweli nimeiona mara moja, kule juu Kilimanjaro, nami nimekaa dirishani mwa basi pale Moshi. Nikaona aibu. Nikaanza kusoma habari za theluji, na sura yangu ikafa.

Kumbe sauti ya mtu haiangushi theluji. Nguvu yake ni ndogo mno. Kinachoangusha ni uzito juu ya tabaka bovu. Theluji hulala tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na shuka lake. Ikiwa haba na baridi ni kali, mvuke hupanda kutoka chini, penye joto kidogo, ukazigeuza chembe za chini zikawa kama sukari, zisishikane. Kisha dhoruba nyingine hufunika, upepo hukandamiza, juu panakuwa pagumu, peupe, pazuri. Ubovu ule huweza kukaa wiki, hata miezi. Mteremko ukiwa wa nyuzi 30 hadi 45, yatosha mtu mmoja kukanyaga: chini panavunjika, bamba zima la juu linateleza. Wakati mwingine theluji huguna kwanza.

Katika kijiji cha Galtür, hukohuko Austria, tarehe 23 Februari 1999, theluji iliyorundikana kwa wiki kadhaa iliporomoka ikaua watu 31. Ilizifikia hata nyumba zilizojengwa mahali palipohesabiwa kuwa salama. Haikuhitaji mtu apige kelele.

Sasa niseme kilichonisukuma kuandika haya. Kaka yangu aliondoka nyumbani miaka mitatu iliyopita, usiku niliomfokea kwa ajili ya hela ya kodi. Alibeba begi moja. Tangu siku ile mama husema, "Mdomo wako ndio uliomfukuza mwenzio." Nikaamini. Sudi ni mimi.

Niliposoma kwamba kelele haiangushi kitu, nilipumua. Lakini nikaendelea kusoma, na hapo ndipo kasheshe. Katika ajali 10 zinazoua wapanda milima na watelezaji, karibu 9 poromoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake. Si mdomo, ni mguu. Kaka alikuwa amepoteza kazi miezi minne nyuma, hakusema. Kila asubuhi alitoka na shati lake la kazi, jioni akarudi viatu vimejaa vumbi. Vumbi lile nililiona. Theluji iliguna, nami nikakanyaga.

Watu wanaoijua milima ile hawaendi kwa kubahatisha. Husoma tangazo la hatari, lenye ngazi 1 hadi 5. Huchimba shimo wakazitazama tabaka. Penye mashaka hupita mmojammoja, wenzake wakimwangalia. Kila mtu hubeba kiredio cha kumtafuta aliyefukiwa, ufito wa kuchomea na beleshi, maana baada ya dakika 10 au 15 matumaini hupungua upesi.

Mimi nimechelewa miaka mitatu. Bahati nzuri kaka hayuko chini ya theluji; yuko Mwanza, na simu anayo. Sura ile nimeichana, naiandika upya, safari hii Sudi ana beleshi mkononi.

Wiki iliyopita nilimpigia. Sikutaja kodi. Nikamwuliza, "Kaka, zile asubuhi ulikuwa unakwenda wapi?"

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Nilikuwa nakaa stendi, mdogo wangu. Nahesabu mabasi."