Samaki Walipoanza Kupimwa kwa Kilo

Miaka ya 1970 ilipokuwa ikiisha, huko Malindi, kwenye pwani ya Kilifi nchini Kenya, samaki aliuzwa kwa fungu. Mashua zikifika, wakubwa walitengwa, na wadogo walipangwa mafungu mafungu juu ya mkeka. Mtoto aliyetumwa na mamake alirudi nyumbani na tasi wametungwa kwenye ukuti. Kisha hoteli ziliongezeka, nyingi za Waitaliano, na mizani ikaletwa ufuoni. Kolekole, kamba na pweza wakawa na wenyewe hata kabla nanga haijatiwa, na mama karanga, wanawake wauzao samaki wa kukaanga, wakabaki kugombania wale wadogo. Mvuvi alipata pesa, na simlaumu. Lakini nyumba nyingi nilizozijua zilianza kula samaki siku ya mshahara tu.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto katika zahanati iliyo ndani, mbali kidogo na bahari. Nilipima watoto kwenye mizani ya kuning'iniza na kutia alama kwenye kadi, kwa hiyo mabadiliko ya chakula niliyaona kwenye miili kabla ya kuyaona sokoni.

Kabla ya mabadiliko hayo, nyumbani kwetu tulikula wari, yaani ugali, kwa mboga za majani: mtsunga, mnavu, kisamvu, majani ya kunde. Mtsunga ni mchungu kweli. Hawe, yaani bibi yangu, aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akauchanganya na majani ya kunde kupunguza ukali. Akaketi juu ya mbuzi akakuna nazi, akaikamua kwenye kifumbu. Tui jepesi lilichemka pamoja na mboga. Kasimile, lile tui zito, ilitiwa mwisho, ikakorogwa bila kuachwa, na chungu kikaepuliwa mapema tui lisikatike. Asubuhi tulikula muhogo au kimanga kilichobaki. Hakuna kilichonunuliwa hapo isipokuwa chumvi.

Sisemi hapakuwa na njaa. Ukame wa 1984 nilikuwa kazini, tukagawa mahindi ya njano ya msaada, na watoto wenye kwashakoo waliletwa wamevimba miguu, nywele zimepauka. Wazee wengine waliita hali hiyo chirwa, wakasema wazazi wamevunja mwiko, na mama akabeba aibu juu ya msiba. Tulizunguka vijiji kueleza kwamba mtoto anakosa chakula cha kumjenga.

Njaa ile ilikuja na ukame ikaondoka na mvua. Iliyofuata haikungoja ukame. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991, na malori ya Mombasa yakaacha kungoja feri. Mkate, soda na unga wa pakiti vikafika hata vibanda vya ndani. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilifungwa miaka hiyohiyo ya 1990, na wakulima wakapoteza mnunuzi wao mkubwa. Minazi iliyozeeka ikapasuliwa mbao, mipya haikupandwa ya kutosha. Mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia yakawa yanapimwa kwa kikombe kidogo dukani, na kwa mama mwenye shilingi chache yalikuwa rahisi kuliko nazi. Wanaowaita akina mama hawa wavivu hawajawahi kupiga hesabu yao.

Karibu na kustaafu niliingia nyumba moja kufuatilia mtoto aliyekosa chanjo. Mtoto alikuwa akinywa chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, yenye sukari nyingi, na andazi mkononi. Mchana angekula wari mweupe kwa mchuzi wa kitunguu na mafuta. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka minne, na kimo chake cha miaka miwili na kitu. Hakukonda, mtu asiyejua angemwita mzima. Mamake, mnene, alikuwa na presha, na nyanya yake alikuwa amekatwa kidole cha mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Vizazi vitatu, sufuria moja. Nje, kando ya kisima, mtsunga ulikuwa umeota na mbuzi wanaula.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 37 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano kaunti ya Kilifi wamedumaa. Kwa Kenya nzima ni 18. Hii ndiyo kaunti ya Mto Sabaki, ya maembe, ya muhogo, ya bahari ndefu kuanzia Mtwapa hadi Ngomeni.

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, shule za chekechea ziko chini ya kaunti. Basi nawaomba wanaopitisha bajeti kule Kilifi: uji wa watoto wa shule hizo usiwe wa unga mweupe na sukari peke yake. Nunueni kunde na mbaazi kwa wakulima wa Ganze na Magarini, nunueni samaki wadogo kwa mama karanga, na mboga za majani kwa wanawake wanaozichuma. Wanaouza wapo, na watoto wenyewe mnawajua.