Ubeti wa mama umeenda wapi?

Haya wadau, najua nimepotea. Mara tesiti, mara mazoezi ya bendi, usingizi wenyewe siku hizi naukopa. Leo nina dukuduku, acha nilitoe.

Kama mnavyojua, wikiendi napiga gitaa la rithimu kwenye kabendi ketu. Tuna wimbo mmoja ndio unaotulisha. Umepangwa kizamani: unaanza polepole, beti tatu za kueleza kisa, halafu ndiyo linakuja chemko, magitaa yanajibizana na watu wanaacha viti. Sasa sisi tukauchoka. Kila Jumamosi uleule, vidole vinaupiga vyenyewe huku mimi nawaza asaimenti. Tukakaa kikao, tukakubaliana: ubeti wa tatu tuutoe, kinanda kichukue nafasi ya gitaa la pili, tuingie chemko mapema. Na aliyelishikia bango wazo hilo ni mimi.

Jumamosi iliyopita tukaupiga hivyo. Kuna mama mmoja mtu mzima, mteja wetu wa siku zote. Yeye hutunza ubeti wa tatu tu, ule wa mtoto anayeaga nyumbani. Anainuka taratibu, anakuja na elfu mbili yake, anambandika mwimbaji kwenye paji la uso, anarudi kukaa. Siku hiyo akainuka kama kawaida. Kufika katikati ya ukumbi, chemko hili hapa! Akasimama na noti mkononi anatutazama, vijana wanacheza huku na huku wakimzunguka. Mwisho akarudi kwenye kiti.

Wakati wa mapumziko nikamfuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ubeti wangu mmeupeleka wapi?"

Jamani, nilikosa jibu. Nikasema tunabadilika kidogo. Akasema, "Badilikeni, nani kawakataza? Lakini mngeniambia nisisimame."

Tangu siku hiyo nawaza. Muziki wa dansi haujawahi kukaa palepale. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Marehemu Muhidin Gurumo, aliyevuma na NUTA Jazz, mwaka 1978 alikuwa kwenye kundi lililoanzisha Mlimani Park, wakaja na mtindo wa Sikinde, na baadaye akarudi Msondo. Wangewaogopa mashabiki, leo tusingekuwa na Sikinde. Kwa hiyo kutaka kitu kipya sijutii. Ila wale walileta nyimbo mpya. Sisi tumekata wa zamani, basi, kwa sababu tumeuchoka. Na aliyeuchoka ni mimi ninayeupiga kila siku mazoezini. Yule mama anausikia mara moja kwa wiki.

Jana mazoezini nikapendekeza ubeti urudi, na hamu yetu ya mapya tuimalizie kwenye wimbo mpya. Kiongozi wetu akacheka mpaka akakaa chini, eti si wewe uliyeutoa? Tukapiga kura: tatu kwa tatu. Mpiga tumba hakuwepo, kwa hiyo yeye ndiye ataamua.

Vyovyote itakavyokuwa, Jumamosi nitawahi ukumbini kabla hatujafunga vyombo. Ubeti ukirudi, nitamwambia mama asimame. Usiporudi pia nitamwambia.

Haya, alamsiki. Kesho saa moja asubuhi nina kipindi.