Kazi ya Bwana Mdogo

Ukitaka masela wa kijiweni wakuvike jina, wewe mwanamume mzima panda daladala asubuhi umempakata mtoto anayelia. Mimi nimeshavikwa: "Yaya". Kila Jumanne dada yangu yuko kwenye biashara yake ya chapati, mimi ajira sina, basi nampeleka mpwa wangu hospitali.

Ana miaka miwili na nusu. Alianza kutembea alipokaribia miwili, na maneno yake hadi leo yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mchanga ukimgusa unyayoni anakunja miguu kama aliyekanyaga kaa la moto. Wali hali, ni uji laini tu. Honi ikilia, anaziba masikio na kujitupa chini. Majirani wana jibu tayari: katupiwa kitu. Baba yake naye alitoa lake: "Kwetu hakuna watoto wa hivi." Akafungasha.

Hospitali hawakumpa dawa. Walitupeleka chumba cha tiba kwa vitendo. Mle ndani mna nini? Mkeka, bembea, beseni la maharage makavu, vibanio vya nguo. Nauli yote ile, kumbe tunakwenda kucheza!

Mama mtaalamu alinieleza taratibu. Shuleni tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Ipo mingine miwili: mmoja umo ndani kabisa ya sikio, unaujulisha ubongo kama umesimama wima au unaanguka, mwingine umo kwenye misuli na viungo, ndio unaokuwezesha kupeleka tonge mdomoni hata gizani. Mmarekani A. Jean Ayres, ambaye naye alikuwa mtaalamu wa tiba hiyo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 kwamba kwa watoto wengine ubongo unashindwa kuzipanga taarifa hizo.

Ndiyo maana kila mchezo pale una sababu. Bembea ya polepole, mbele na nyuma, inamtuliza. Ya kuzungushwa inamchangamsha, mara nyingine kupita kiasi. Kukumbatiwa kwa nguvu anakupenda, kupapaswa juujuu kunamkera. Kubana vibanio kunaimarisha vidole vitakavyoshika kijiko. Na sheria kubwa: hakuna kumlazimisha. Unaweka kigari chake katikati ya maharage, unasubiri akifuate mwenyewe.

Kusubiri huko ndiyo kazi yenyewe. Wiki sita alilizunguka beseni lile kama paka aliyeona maji. Wiki ya saba akaingiza kidole. Kimoja tu, jamani! Jioni nilipomsimulia dada, chapati iliungua.

Nyumbani tunaendeleza. Shuka zito, huku nashika mimi, kule dada, ni bembea. Kidumu kidogo cha maji akikibeba toka bombani, misuli inapata kazi. Wale wale walionibatiza Yaya walituletea tairi chakavu la gereji, tukalifunga kwenye mwembe.

Mtaalamu hakutuahidi kwamba atawafikia wenzake. Alisema tu kwamba miaka hii ya mwanzo ubongo unajifunza haraka, tusikae. Nawe msomaji, ukimwona mdogo wako au mtoto wa jirani ametimiza mwaka na nusu hatembei, au miaka miwili haunganishi maneno mawili, usiseme "atakua tu". Mpelekeni kliniki. Mama yake akikosa nafasi, mbebe wewe. Jina watakalokuvika halichubui.