Jiwe la Meko ya Mwanangu

Baridi ya Uingereza humtia mtu adabu. Nalipokwenda Leicester kumzuru mwanangu, nalimkuta yeye na mkaza mwana wangu wakishauriana juu ya meko ya ukutani, ile ambayo moto huwashwa sebuleni na moshi ukapanda dohanini. Nyumba yao ni ya zama za Malkia Victoria (1837–1901), nyembamba, yenye dari ndefu, na mahali pa meko palikuwa pamezibwa kwa ubao.

Mwanangu akaniuliza, "Baba, tuweke jiwe gani?" Nikamjibu pale pale, "Marumaru nyeupe." Wala sikuitazama nyumba. Nalikuwa nikiwaza wageni watakaotoka Mombasa, waione.

Naye akanyamaza kwa heshima. Usiku mkaza mwana, akinitilia chai, akaniambia, "Baba, hawezi kuinunua ila kwa mkopo wa riba. Karatasi amekwisha kuzichukua. Anaona haya kukukatalia." Wallahi nalitamani ardhi inimeze. Miaka arubaini nasomesha watoto mlango wa riba, na nyumbani kwa mwanangu nikaufungua kwa mkono wangu.

Asubuhi tukaita mwashi, Mwingereza mzee. Akatueleza mambo niliyopaswa kuyajua, kwani sisi ni watu wa mawe: marumaru na matumbawe ya kwetu ni jamaa moja, yote yakichomwa tanuuni hugeuka chokaa. Ndiyo maana marumaru huzunguka meko tu, na pale pa moto penyewe huwekwa matofali ya udongo. Tena tone la ndimu huula uso wake. Nyumba mpya yenye kuta tupu hupendeza kwa jiwe laini lisilo nakshi. Ya kale hutaka jiwe la zama zake, kwa kimo cha chumba chake.

Kisha akabandua ubao. Ndani mlikuwa na meko nzima ya sleti, jiwe lile walilokuwa wakiandikia watoto wa skuli, nalo lastahimili moto vyema. Lilikuwa limepakwa rangi kuigiza marumaru, kama walivyofanya Waingereza wengi wa zama zile wasioimudu yenyewe. Nikacheka peke yangu. Kumbe si mimi wa kwanza katika nyumba ile.

Ikabaki kusafisha dohani na kuziba ufa mmoja. Mwanangu akaniuliza kama aikwangue ile rangi au aiache.

Nikamwambia, "Muulize mkeo."