Mwana wa "sawa mama" atembezwa Dodoma

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imewaondolea wazazi wa Dar es Salaam kisingizio kimoja. Zamani kwenda kukagua chuo huko ilikuwa siku nzima ndani ya basi, kilomita 450 hivi, na wengi waliona heri wachague kwa kusikia. Septemba, mama mmoja wa Tabata alipanda treni alfajiri na mwanawe. Mwana akalala kuanzia Pugu mpaka Gulwe.

Usingizi huo ndio uliomsafirisha mama. Kijana kichwa anacho. Kidato cha sita amepata daraja la kwanza bila kukesha hata usiku mmoja. Si mkorofi, hanywi, hana makundi. Hana haraka tu. Ukimtuma anajibu, "Sawa mama, nitafanya," na jua linatua. Vyuo vitatu vimemchagua, vyote vya Dodoma, na utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu unataka athibitishe kimoja. Hajathibitisha.

Wajomba wanasema UDOM, kwa sababu ya jina. Mama hana ugomvi na jina. Anachotaka kujua ni nani atakayegundua kwamba mwanawe hajaonekana darasani wiki mbili.

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007 kwenye vilima vya Chimwaga, mashariki ya mji, na kilipangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Ukubwa huo hauonekani kwenye fomu. Unaonekana kwa miguu. Ndaki zimetawanyika kama miji midogo, na kati ya moja na nyingine ni jua, upepo na vumbi jekundu. Kijana anayejisukuma mwenyewe atafaidi hapo, nafasi ipo na masomo ni mengi. Asiyejisukuma, kipindi cha saa mbili asubuhi ni shauri lake na godoro lake. Mwana alipapenda sana. Mama alinyamaza.

St John's, chuo kikuu cha Kanisa Anglikana, nacho kilianza 2007, katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, shule iliyobeba jina la mtemi wa Wagogo. Ni kidogo, kiko karibu na mji. Saa moja tu pale, walipishana na mhadhiri yuleyule mara mbili, na mara ya pili akawasalimu kama wenyeji. Mama alianza kutabasamu. Mwana alikuwa anatazama simu.

Kisha, njiani, wakanunua zabibu. Kijana akamuuliza muuzaji zinaota vipi mahali ambapo mvua ikikoma Aprili hairudi mpaka karibu Desemba. Muuzaji, mwenye shamba lake, akaeleza: maji ya kumwagilia, na kupogoa matawi kwa wakati wake, ndiyo maana zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Maji yanatoka wapi? Kisima kinachimbwa kwa kiasi gani? Nani anapanga zamu? Mama alisimama juani na mfuko wa zabibu, kimya, asije akakatiza. Tangu shule ya msingi hakuwahi kumsikia akiuliza maswali manne mfululizo.

Miyuji, kwenye Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1980, hakuna kilima cha kujivunia. Mama aliuliza kuhusu mahudhurio. Mwana aliuliza kama wanafunzi hupelekwa vijijini. Akajibiwa kwamba ndiyo, kwa mafunzo ya vitendo, na huko hakuna kulala mpaka saa nne, wenyeji wanaamka na kuku.

"Baba, umesikia hilo la kuku?"

"Nimesikia, mama."

Wajomba hawatafurahi, kwao Mipango si jina la kutajia harusini. Jioni treni iliondoka, na safari hii kijana hakulala. Walipokuwa wakikaribia Kilosa aligeuka kutoka dirishani.

"Mama, mwisho wa kuthibitisha ni lini?"

Mama alikuwa anaijua tarehe kwa moyo. Akamwambia aitafute mwenyewe.